Kununua Medali ya Vita: Mnadani au Dukani? Hesabu Kabla ya Kutuma Pesa

Familia nyingi hapa Kenya zina babu au babu-mkuu aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles. Kikosi hicho kiliundwa 1902, kikapigana Vita vya Kwanza hapa Afrika Mashariki, kisha Vita vya Pili huko Ethiopia, Madagaska na Burma. Wengine walirudi na medali. Kuna zilizopotea, kuna zilizouzwa wakati wa shida, na leo nyingi zinazunguka Uingereza mikononi mwa wakusanyaji.

Siku hizi unaweza kuzitafuta kwa simu na kuzilipia kwa simu. Kwa hivyo swali si tu "ni pesa ngapi?" bali "nanunua kwa nani, na nikikosea pesa yangu itarudi?" Njia kubwa ni mbili: mnada, au mfanyabiashara wa medali mwenye duka na bei iliyoandikwa.

Mnada unavyofanya kazi

London kuna nyumba za mnada zinazojulikana kwa medali, kama Spink na Noonans. Wanatoa katalogi yenye picha, maelezo na makadirio ya bei. Unajisajili, unaweka dau lako kwa mtandao, na mwenye dau la juu nyundo ikigonga ndiye mnunuzi.

Faida yake ni kwamba bei inaamuliwa na watu waliopo siku hiyo. Medali ikikosa wapenzi, unaweza kuipata kwa bei nzuri. Pia bei za minada iliyopita huwekwa wazi, kwa hivyo unaweza kuangalia medali kama hiyo iliuzwa ngapi.

Lakini bei ya nyundo si bei utakayolipa. Juu yake kuna ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni asilimia 20 hadi 30, na ada hiyo yenyewe inaweza kutozwa VAT ya Uingereza ya asilimia 20. Na ukishashinda, umenunua. Huwezi kusema "nilikuwa najaribu tu."

Kwa muuzaji wa duka

Huyu alinunua medali kwa pesa yake, akaongeza faida, akaandika bei. Hakuna kukimbizana na mtu. Unaweza kuuliza maswali, kuomba picha zaidi, hata kuomba punguzo kidogo au kulipa polepole, kama atakubali.

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwa sheria ya Uingereza, mtu anayenunua kwa mtandao kutoka kwa mfanyabiashara huwa na siku 14 za kubadilisha nia. Mnada wa hadhara hauingii kwenye haki hiyo. Wewe uko Kenya, kwa hivyo usikisie: muulize muuzaji akuandikie kwa barua pepe kama atapokea medali ikirudi, kwa siku ngapi, na nani atalipa posta.

Hesabu ya kweli

Tuchukue mfano. Hizi ni namba za kuonyesha tu, na tuseme pauni moja ni shilingi 170.

*Mnadani:*
- Bei ya nyundo: pauni 200
- Ada ya mnunuzi, asilimia 24: pauni 48
- VAT juu ya ada: pauni 9.60
- Posta na bima: pauni 30
- Gharama ya kubadilisha pesa, asilimia 3.5: kama pauni 10
- Jumla: karibu pauni 298, yaani kama shilingi 50,600

*Dukani:*
- Bei iliyoandikwa: pauni 250
- Posta na bima: pauni 30
- Kubadilisha pesa: kama pauni 10
- Jumla: karibu pauni 290, yaani kama shilingi 49,300

Umeona? Ile ya pauni 200, ambayo kwa haraka ni shilingi 34,000, imegeuka kuwa ghali kuliko ya pauni 250. Na hapo bado forodha. Mzigo ukifika Kenya unaweza kudaiwa ushuru na VAT ya asilimia 16, kwa hivyo uliza mapema.

Kwa mnada, anza na jumla uliyonayo kisha rudi nyuma. Ondoa posta, gharama ya pesa na ada. Kinachobaki ndicho dau lako la mwisho. Kiandike kabla mnada haujaanza, maana joto la mnada likipanda, kidole hubonyeza kabla akili haijafika.

Je, ni ya babu kweli?

Hapa ndipo watu huumia. Medali za Uingereza za Vita vya Kwanza ziliandikwa namba, jina na kikosi kwenye ukingo. Hata Africa General Service Medal yenye kipande cha "Kenya", iliyotolewa kwa huduma ya wakati wa Hali ya Hatari, huwa na jina ukingoni.

Lakini nyota za Vita vya Pili, kama Africa Star na Burma Star, Uingereza ilizitoa bila majina. Mtu akikuambia "hii Burma Star ni ya babu yako kabisa," nyota yenyewe haiwezi kuthibitisha. Muombe karatasi: kitabu cha huduma, barua au kisanduku chenye jina. Bila hizo, unanunua nyota ya kawaida, na ulipe bei ya nyota ya kawaida.

Angalia pia majina yaliyofutwa na kuandikwa upya. Medali nyingi za kampeni zina upana wa milimita 36, na ukingo uliosuguliwa huwa umepungua. Omba picha ya ukingo wote na kipimo. Muuzaji mzuri hatakasirika.

Kabla ya kubonyeza "Tuma"

- Mnada na duka la kweli hutoa ankara yenye jina la biashara. Anayetaka utume kwa namba ya mtu binafsi, simama hapo kwanza.
- Jihadhari na broka anayesema ameiona medali ya familia yenu London na anataka "kitu kidogo cha kuishikilia." Muulize jina la mnada na namba ya loti, kisha wapigie wenyewe.
- Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha lifanane na lililo kwenye ankara.
- Ukitumia kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu, weka kiasi cha ununuzi huo tu, na angalia kikomo chako cha siku kabla ya mnada, si baada ya kushinda.
- Hakuna mnada wala duka linalohitaji PIN yako. Hata sisi hatuihitaji.
- Tunza ujumbe wa malipo, ankara na picha pamoja. Pakiwa na ubishi, hizo ndizo ushahidi wako.

Kama unatafuta medali yenye jina la mtu wenu na imetokea mnadani, huenda usipate nafasi nyingine: nenda, ila na dau lako limeandikwa. Kama unataka tu medali ya aina ile aliyovaa babu, anza kwa muuzaji wa duka. Zipo nyingi, haraka haina haja, na ukikuta kasoro unajua ni nani wa kumrudishia.