Inzi weupe wa muhogo haiko yule wa nyanya

Ukipita asubuhi katika shamba la mihogo, gusa majani ya juu kabisa, yale mateke tunayochuma kwa sombe. Vitu vidogo vyeupe vitaruka kama unga uliopulizwa, halafu vitarudi kukaa chini ya majani. Ni inzi weupe. Mmoja iko na urefu wa milimita moja hivi. Tunawaona pia kwenye nyanya, maharagi na bamia, na wengi wetu tunasema: hawa wametapakaa kila mahali, tutafanya nini?

Kumbe si wale wale.

Jina lao la kitaalamu, Bemisia tabaci, lilitokana na inzi waliopatikana kwenye tumbaku kule Ugiriki mwaka wa 1889. Kwa miaka mingi kila inzi wa sura ile, awe wa Ulaya, Asia ao Afrika, aliwekwa chini ya jina lile moja, sababu macho hayawezi kuwatenganisha. Lakini mwaka wa 1992 watafiti waliofanya kazi Côte d'Ivoire walionyesha kwamba inzi wa muhogo walikubali muhogo na bilinganya tu. Wale wa bamia walikula mimea mingi, ila muhogo waliukataa. Baadaye watu wa maabara walisoma jeni zao, na leo wanahesabu aina zaidi ya 30 ndani ya jina lile moja. Wale wa mihogo ya Afrika wako na makundi yao wenyewe.

Wanaachana namna gani? Inzi anazaliwa kwenye jani, anakulia pale, anapata mwenzake palepale. Yai linafika kuwa inzi mkubwa kwa wiki tatu ao nne, basi kwa mwaka mmoja kunapita vizazi vingi. Na muhogo si chakula cha kila mdudu: uko na sumu, njo maana sisi wenyewe tunaulowanisha na sombe tunaitwanga na kuichemsha. Anayeiweza sumu hiyo anabaki na wenzake, na damu inazidi kutengana na ya wale wa bamia.

Cha kushangaza, muhogo wenyewe ni mgeni. Wareno waliuleta kutoka Amerika katika karne ya 16. Kule kwao virusi vya mozaiki havimo. Inaelekea virusi vilikuwa tayari hapa, katika mimea ya porini, na inzi wa kwetu wakaviingiza katika mgeni huyo.

Matokeo tunayajua kwa tumbo. Miaka ya 1990 mozaiki kali ilivunja mashamba ya Uganda, ikabebwa na virusi vilivyochanganyika kutoka virusi viwili, pamoja na inzi wengi kupita kawaida. Ikavuka mpaka, ikafika kwetu. Dawa iliyopatikana ilikuwa mbegu zinazovumilia mozaiki, na kweli zilirudisha bugali mezani.

Ila hapa kuna jambo ambalo, kwa maoni yangu, halisemwi vya kutosha. Mbegu zile zinashinda virusi vya mozaiki; inzi hazimfukuzi. Nyingi kati yake inzi anazipenda sana, anazaana juu yake kwa mamia. Na inzi huyohuyo anabeba ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia. Zamani ulikuwa ugonjwa wa mabonde ya pwani ya Bahari ya Hindi. Tangu 2004 ukaonekana Uganda, kwenye milima, na mwaka wa 2012 ukathibitishwa mashariki mwa Kongo. Huu ni mbaya kwa namna yake: majani yanaweza kuonekana mazuri, mama anangoja mwaka mzima, siku ya kuchimba anakuta mizizi imeoza ndani kama kizibo cha chupa.

Basi anayenunua dawa ya kupiga kwenye nyanya akifikiri anaokoa mihogo ya pembeni, anatupa pesa. Inzi wa muhogo anatoka kwenye muhogo: shamba la zamani lililoachwa na mashina yake magonjwa njo nyumba yake. Kupanda jipya ubavuni mwake ni kumwita.

Na ugonjwa wa michirizi inzi hawezi kuupeleka mbali, sababu virusi vyake havikai mdomoni mwake siku nyingi. Anayeusafirisha ni sisi, kwa vijiti tunavyopeana bure na shemeji, na jirani, na watu wa kanisa. Shina la mozaiki utaling'oa lingali dogo, ukiona majani yamejikunja na kuwa na madoa ya manjano. Kwa michirizi, usiamini jani. Kabla ya kukata vijiti, chimba shina lile na upasue mizizi yake kwanza.