Ini na Kimo cha Mtoto

Wanachuo warejeapo kutoka mazoezi ya kufundisha hutusimulia habari za mtoto mfupi aketiye dawati la mbele. Baadhi yao hukiri kwamba walimpa maswali mepesi kuliko wenzake kwa sababu ya kimo chake tu. Kosa hili hutokana na kutofahamu jinsi mwili unavyokua, nasi twaona yafaa tulieleze jambo hili.

Baada ya kuzaliwa, ukuaji wa mtoto hutegemea sana ushirikiano wa ubongo na ini. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, hutoa homoni ya ukuaji katika damu. Homoni hiyo ifikapo kwenye ini hunaswa na vipokezi vya chembe hai. Hapo protini iitwayo STAT5b huamshwa, ikaingia katika kiini cha chembe na kuifungua jeni maalumu. Jeni ni agizo la urithi. Chembe huyatii yale maagizo yaliyofunguliwa tu. Jeni hii ikifunguka, ini hutengeneza kichocheo kiitwacho IGF-1. Kichocheo hicho, pamoja na kile kinachotengenezwa na mifupa yenyewe, huhimiza gegedu za karibu na ncha za mifupa mirefu zikue, na mtoto hurefuka.

Mwaka 1966 daktari Zvi Laron na wenzake, nchini Israel, walieleza habari za ndugu watatu wafupi mno, ambao damu yao ilikuwa na homoni ya ukuaji kwa wingi. Baadaye ilibainika kwamba kasoro ya ugonjwa huo imo katika vipokezi. Ujumbe ulifika, lakini ini halikuusikia.

Njaa nayo huleta hali inayofanana na hiyo. Katika unyafuzi, homoni ya ukuaji huwa nyingi katika damu, ilhali IGF-1 huwa haba. Mwili uliokosa chakula huahirisha kurefuka ili upate kuishi kwanza.

Darasani, somo hili laweza kuigizwa. Mwanafunzi mmoja awe pituitari, aandike barua. Wa pili awe damu, aipeleke. Wa tatu awe ini, mwenye daftari la maagizo. Wa nne awe mfupa, angojee. Mchezo urudiwe, safari hii daftari lisifunguliwe. Kisha waulizwe: ujumbe umekwama wapi? Watagundua wenyewe kwamba kutuma agizo si kutekelezwa kwake. Mwalimu asimtumie mwanafunzi yeyote kuwa mfano wa ufupi.

Ufupi una sababu nyingi, kikiwamo kimo cha wazazi. Si kazi ya mwalimu kuutambua ugonjwa. Kazi yake ni kuuliza kama mtoto amekula, kuwashauri wazazi wamfikishe kliniki ikiwa haongezeki kimo, na kumpa maswali yanayolingana na darasa lake. Kimo si kipimo cha akili.