Kubadili Bodi ya Nyuma ya Pikapu ya Zamani

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: BODI, CHESISI, KUTU. Kila mwanafunzi na afungue ukurasa mweupe wa daftari lake, maana leo tutaandika vipimo.

Somo letu lahusu pikapu ya zamani, ile iliyochakaa lakini mwenyewe hataki kuitupa. Pikapu hiyo huleta vitunguu kutoka Mang'ola na kubeba mahindi sokoni. Siku ya shida humpeleka mgonjwa hospitali. Injini yake bado ni nzima, lakini bodi ya nyuma, yaani lile sanduku la kupakia mizigo, imetoboka. Mwenye gari asema, "Nitanunua bodi nyingine kuukuu iliyo nzuri, niifunge, kisha gari langu litakuwa jipya." Je, asema kweli? Tusikilize kisa kimoja.

Siku moja nilikuwa katika gereji mjini Karatu. Mzee mmoja alikuwa amekuja na Land Rover yake ya zamani. Alikuwa ameuza mbuzi wake, na fedha alikuwa nazo mfukoni. Bodi aliyoitaka ilikuwa pale pale, imepakwa rangi ya kijani, inang'aa. Kabla mzee hajalipa, fundi aliingia chini ya gari akiwa na nyundo ndogo. Akagonga chuma cha mbele, kikalia ngi! ngi! kama kengele. Akagonga chuma cha nyuma, kikalia bwa! bwa! kama debe lililojaa udongo. Kisha akashika bisibisi, akasukuma. Bisibisi ikazama ndani ya chuma hata mpini.

Mzee alikasirika. Alisema, "Fundi, wewe wanitobolea gari ili nikulipe zaidi." Fundi akamjibu kwa upole, "Shikamoo mzee wangu. Njoo ulale hapa chini, uguse kwa kidole chako mwenyewe." Mzee akainama, akagusa, na kutu ikamwagika mkononi mwake kama unga wa ugoro. Akanyamaza. Siku ile hakununua bodi. Alizitumia zile fedha kwanza kuchomelea chuma cha chini, na bodi akaichukua baada ya mavuno.

Wanafunzi wapenzi, hapo ndipo lilipo somo la leo. Bodi hukaa juu ya chesisi. Chesisi ni fremu ya chuma iliyo chini ya gari, nayo ni uti wa mgongo wa gari zima. Injini, magurudumu, chumba cha dereva na bodi, vyote vyategemea chesisi. Bodi nzuri juu ya chesisi mbovu ni kaburi lililopakwa chokaa.

Kwa nini chesisi huoza wakati bodi ya Land Rover bado yaonekana nzima? Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, katika maonyesho ya motokaa mjini Amsterdam, Uholanzi. Wakati ule, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa haba Uingereza. Kwa hiyo watengenezaji walitumia alumini iliyochanganywa na madini mengine kwa sehemu kubwa ya bodi. Alumini ni madini yale yale ya sufuria zetu, na haishiki kutu kama chuma. Lakini chesisi ilitengenezwa kwa chuma. Chuma hicho ni kama bomba la pembe nne, lenye uwazi ndani. Maji na matope ya masika huingia humo na kukaa. Basi huoza kutoka ndani, na kwa nje huoni kitu.

Tena kuna jambo la pili. Alumini na chuma zikigusana mahali penye unyevu, madini hayo mawili huanza kulana. Alumini huchimbika na kugeuka unga mweupe. Chumvi huzidisha ulaji huo, kwa hiyo gari zishukazo ndani ya kreta ya Ngorongoro, karibu na Ziwa Magadi, yafaa zioshwe chini kila mara.

Gari za namna hii zina historia kwetu. Mwaka 1959, Bibi Mary Leakey alipoona fuvu la kale huko Olduvai, aliendesha Land Rover mbio kurudi kambini kumwambia mumewe, aliyekuwa kitandani kwa homa. Pikapu za Toyota zilikuja baadaye, na nyingi zina bodi ya chuma. Kwa hizo, tazameni kutu kwenye bodi na kwenye chesisi pia.

Sasa tufuate kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza, pima na uandike. Pima urefu wa bodi ya zamani, upana wake, na umbali kati ya matundu ya bolti. Pima pia toka mwanzo wa bodi hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Kisha pima bodi unayotaka kununua, uandike tarakimu hizo kando ya zile za kwanza. Usiseme, "Nimeiona kwa macho, inalingana." Macho husahau, daftari halisahau. Gurudumu lisipokaa katikati ya nafasi yake, litakwaruza bodi siku utakapopakia mzigo.

Pili, ondoa waya wa betri. Ndipo ufungue nyaya za taa za nyuma. Kila waya ufunge kipande cha kitambaa cha rangi yake, ili usikosee wakati wa kurudisha. Katika pikapu nyingi mdomo wa tangi la mafuta umefungwa ubavuni mwa bodi. Ufungue, kisha uzibe bomba lake vizuri. Mtu asivute sigara hapo, na moto wa kuchomelea usikaribie tangi. Tangi tupu nalo ni hatari, maana mvuke wa mafuta uliobaki ndani waweza kulipuka.

Tatu, legeza bolti. Zipake mafuta laini jioni, uziache zilale usiku kucha. Asubuhi ujaribu kwa spana. Nati ikikataa kabisa, ikate kwa msumeno wa chuma.

Nne, inua bodi. Bodi ya alumini huhitaji watu sita wenye nguvu. Ya chuma huhitaji zaidi. Mtu mmoja tu atoe amri, na wote wamsikilize yeye. Muiweke juu ya magogo imara, na mtu asipite chini yake ingali mikononi.

Tano, tengeneza chesisi. Sasa iko wazi, nawe hutapata nafasi nyingine kama hii. Gonga kila shubiri kwa nyundo na usikilize mlio. Palipooza pakatwe, pachomelewe chuma kipya, pasuguliwe kwa brashi ya waya, kisha pakwe rangi ya kuzuia kutu. Lakini angalia: pale palipopigwa chapa namba ya chesisi, pasikatwe wala pasisuguliwe. Namba hiyo imeandikwa pia katika kadi ya gari. Zisome zote mbili, tarakimu kwa tarakimu, uone kama zinalingana.

Sita, weka bodi mpya. Weka vipande vya raba kati ya bodi na chesisi, ili alumini na chuma visigusane. Tia bolti zote kwa mkono kwanza, bila kukaza. Kisha tazama nafasi kati ya bodi na chumba cha dereva. Vidole viwili vipite. Kwa nini? Kwa sababu chesisi hujipinda kidogo gari lipitapo kwenye mashimo. Bodi ikibanwa na chumba cha dereva, kimoja kitapasuka. Nafasi ikiwa sawa, kaza bolti kwa kupishana, moja kulia, moja kushoto. Rudisha nyaya, kisha mwambie mtu akanyage breki, nawe usimame nyuma utazame taa.

Saba, jaribu gari. Liendeshe tupu kwanza, halafu kwa nusu ya mzigo. Baada ya safari hiyo kaza bolti zote tena, kwa sababu raba mpya hushuka ikipata uzito.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme bodi ya zamani ilikuwa na uzito wa kilo 90, na bodi mpya ya chuma ina kilo 170. Toa 90 katika 170, zabaki kilo 80. Hizo ni karibu uzito wa mtu mzima. Nguvu za breki hazikuongezeka. Kwa hiyo punguza kilo 80 katika mzigo wako. Wenzetu wa Endulen wanajua: toka lango la Lodoare gari hupanda kwa kona nyingi msituni hadi ukingoni mwa kreta, zaidi ya meta 2,200 juu ya bahari, kisha yapasa kushuka. Katika mteremko mzigo husukuma gari, na bolti chache zilizooza ndizo zinazoushika mzigo huo. Tena kumbukeni kwamba bodi ya pikapu ni ya mizigo. Si kiti cha abiria.

Mwisho, usinunue bodi bila hati. Hati iwe na jina la muuzaji, tarehe, bei na maelezo ya kitu chenyewe. Isome kabla ya kutia sahihi. Mkibadili aina ya gari, kwa mfano pikapu kuwa gari la abiria, mpeleke habari kwa wasajili wa magari, ili kadi na gari viseme neno moja.

Yule mzee wa Karatu alidhani fundi amemtobolea gari. Kumbe fundi alimwonyesha tundu lililokuwapo zamani. Basi, kabla hujatoa fedha zako, omba nyundo.

Maswali ya darasa:

1. Chesisi ni nini, na kwa nini tuitazame kabla ya kununua bodi?
2. Kwa nini tunaweka raba kati ya alumini na chuma?
3. Bodi ya zamani ina kilo 110, mpya ina kilo 185. Tupunguze mzigo kilo ngapi?
4. Andika hati fupi ya mauzo ya bodi moja.

Mwalimu atasahihisha majibu yenu. Kwaherini, wanafunzi wapenzi, hadi juma lijalo.