Je, Wajua? Kambi ya Kijapani na Maji ya Kajaga

Je, wajua kwamba mwaka 1212 mtawa wa Kibudha wa Japani, Kamo no Chomei, alimaliza kitabu kuhusu kibanda alichoishi peke yake kwenye vilima karibu na Kyoto? Kila upande wa kibanda ulikuwa na mita tatu hivi. Viungo vyake vilishikwa kwa vyuma vya kufungua, ili mwenyewe akitaka kuhama akibomoe bila kukiharibu, akipakie kwenye mikokoteni miwili na kwenda zake. Ndani alikuwa na picha ya Buddha, rafu ya vitabu, ala mbili za nyuzi na kitanda cha majani makavu. Kambi za starehe za mtindo wa Kijapani zinazopendwa leo zimefuata njia hiyohiyo: chumba kidogo, vitu vichache vilivyochaguliwa vizuri, na jengo lisiloijeruhi ardhi.

Naanza na Chomei kwa sababu Kajaga inamhitaji. Hapa magharibi ya Bujumbura, kwenye barabara ya Gatumba kuelekea mpaka wa Kongo, tuna mchanga, upepo wa ziwa na samaki aina ya mukeke wa kuchoma wa siku ya Jumapili. Ni mahali pazuri mno. Lakini miaka hii ya karibuni ziwa Tanganyika limepanda, majumba ya matofali yamebaki yamesimama ndani ya maji, na mto Rusizi umefurika Gatumba na kuhamisha maelfu ya watu. Aliyemwaga saruji ufukweni hana cha kufungua wala cha kupakia.

Je, wajua kwamba ziwa hili, lenye kina cha mita 1,470, lina mlango mmoja tu wa kutolea maji? Ni mto Lukuga, upande wa Kongo. Katika karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na tope na mimea. Mvumbuzi Stanley alipoukagua mwaka 1876, ziwa lilikuwa bado linapanda. Miaka miwili hivi baadaye maji yakavunja kizuizi, na kabla karne haijaisha ziwa likawa limeshuka kwa takriban mita 10. Mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikalipandisha tena. Kwa hiyo kupanda na kushuka ni tabia ya Tanganyika tangu zamani, na Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 ilikuwa na sababu nzuri ilipotenga mita 150 kutoka ukingoni zisijengwe. Kwa maoni yangu hata hema lisivuke mstari huo. Nyuma yake, nafasi ipo tele kwa jengo la kufunguka.

Na jengo hilo liinuliwe. Je, wajua kwamba Wajapani walikuwa wakijenga maghala ya mpunga juu ya nguzo yapata miaka 2,000 iliyopita? Juu ya kila nguzo waliweka kibao kipana, panya akipanda agote kichwa na kurudi chini. Sakafu ya namna hiyo hupitisha hewa chini yake, na maji yakija nayo hupita. Kajaga kuna sababu nyingine: viboko. Delta ya Rusizi ni jirani, na giza likiingia viboko hutoka majini kutafuta majani. Mwenye kambi mwenye busara huchunguza kwanza njia zao, kisha ndipo achague pa kuweka nguzo.

Na sakafu itandikwe nini? Tatami, ule mkeka mnene wa Kijapani wenye urefu wa sentimita 180 hivi na upana nusu ya hapo, hujazwa mabua ya mpunga na kufunikwa kwa nyasi zilizosukwa. Hapa kwetu bonde la Imbo lina mpunga. Delta ina mafunjo na matete. Wasukaji wa mikeka wapo Burundi nzima. Sioni kwa nini mtu aagize kitu chochote cha sakafuni kutoka nje.

Na bafu? Sheria ya Japani ya mwaka 1948 kuhusu chemchemi za maji moto inakubali maji yanayotoka ardhini yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi au zaidi. Je, wajua kwamba maji ya juu ya Tanganyika hufika kiwango hicho yenyewe, kwa jua tu? Lakini kuoga kuwe kwenye pipa la mbao, si ziwani: mamba wa Rusizi si hadithi.

Na chandarua? Wafanyabiashara wa Omi, kandokando ya ziwa Biwa, waliuza vyandarua vya kijani vyenye ukingo mwekundu tangu karne ya 17. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya kampuni ya Kijapani ya Sumitomo Chemical. Dawa huchanganywa ndani ya uzi wenyewe, na hutoka polepole kwa miaka, bila chandarua kuchovywa tena.

Je, wajua, mwisho, kwamba Wajapani walishapiga kambi kwenye ziwa hili hili? Mwaka 1961 Kinji Imanishi wa Chuo Kikuu cha Kyoto alileta msafara Kabogo, upande wa Tanzania, kuwatafuta sokwe. Mwaka 1965 mwanafunzi wa chuo hicho, Toshisada Nishida, akaweka kambi Kasoje, katika nchi ya Watongwe, na utafiti aliouanzisha hapo umeendelea kwa miongo mingi. Milima ya Mahale, ilipo kambi hiyo, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Watalii sasa hulala ufukweni katika vibanda vya mbao na makuti, na kwa kuwa hifadhi haina barabara za magari, mgeni hufika kwa boti, kisha hupanda mlima kwa miguu yake.