Mzazi, jifunze kuhesabu pumzi za mwanao

Ni usiku, mtoto anakohoa na mwili una joto. Uko Kagunga, ambako wengi huenda Kigoma mjini kwa boti, na ziwa limechafuka. Usubiri kuche au utafute msaada sasa? Usibahatishe. Hesabu pumzi zake.

Mfunue kifua akiwa ametulia. Akilia au akinyonya, hesabu itakudanganya. Tazama kifua au tumbo: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika moja kamili kwa saa ya simu.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtoto anayekohoa anapumua haraka akifikisha:

Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi (rudia kuhesabu kuhakikisha).
Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi.
Mwaka 1 hadi 5: pumzi 40 au zaidi.

Huenda ni nimonia, hata kama ulidhani ni malaria tu. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu bila kuchelewa. Kwa mtoto wa miezi 2 au zaidi, zikiwa chini ya hapo, endelea kumwangalia, hesabu tena, na kukicha mpeleke akapimwe.

Lakini kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akipata degedege au asipoamka, usipoteze muda kuhesabu. Ondoka naye.

Ukifika, mtajie mhudumu namba uliyopata na saa uliyohesabu. Itamsaidia kujua kama hali inazidi kuwa mbaya.