Ufilipino ya Kabla ya Wahispania Haikuwa Nchi ya Mtu Mmoja

Swali huja kwa sura ileile, na limekuja mara nyingi mno: je, si kweli kwamba Ufilipino ilikuwa nchi ya Kiislamu, iliyosilimishwa na Waarabu, mpaka Wahispania walipoiteka na kuibatiza? Huzuka kila anapoonekana Mfilipino mwenye hijabu dukani Maskati au Dubai, na anayeuliza huwa ameshajijibu. Anachotafuta ni mtaalamu wa kumwitikia. Siwezi kumwitikia. Hapakuwa na Ufilipino, hapakuwa na nchi, na Waarabu hawakuisilimisha kwa namna anayoifikiria. Kilichokuwapo kina thamani kubwa kuliko hadithi hiyo, na inaniuma kuona kinafunikwa nayo.

Tuanze na hiyo nchi. Jina Filipinas lilitolewa mwaka 1543 na msafara wa Ruy López de Villalobos, kwa heshima ya mwanamfalme Felipe wa Hispania, na mwanzoni lilihusu sehemu ndogo tu ya visiwa ambavyo jumla yake inapita 7,000. Kabla ya hapo kulikuwa na bandari, na kila bandari ilikuwa na datu wake, yaani mkuu wake, na washirika wake wa ng'ambo. Mwaka 1989 mchimba mchanga katika mkoa wa Laguna aliibua bamba la shaba lenye maandishi ya Kikawi. Mholanzi Antoon Postma alilisoma, akakuta ni hati ya kumwondolea deni la dhahabu mtu aliyeitwa Namwaran pamoja na kizazi chake, iliyoandikwa kwa Kimalei cha kale kilichochanganyika na Kisanskriti. Tarehe yake, iliyowekwa kwa kalenda ya Saka kutoka India, ni Aprili 21 ya mwaka 900, na anayetajwa kuutoa msamaha huo ni mkuu wa Tondo, mahali ambapo leo ni sehemu ya jiji la Manila. Kusini zaidi, Butuan ilituma wajumbe kwa mfalme wa China mwaka 1001, na mwaka 1007 ikadai ipewe hadhi sawa na ufalme wa Champa, ikakataliwa. Katika bonde la mto Agusan, mwaka 1917, ilipatikana sanamu ya dhahabu ya mungu wa kike inayokaribia kilo mbili, ambayo sasa imo katika makumbusho ya Field huko Chicago. Hakuna gavana wa Kihindi wala jeshi la Kijava lililohitajika ili vitu hivyo vifike. Kalenda, maandishi na miungu vilifika pamoja na watu waliokuwa wakidaiana dhahabu.

Namna ya kudaiana ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu humo ndimo dini ilimopita. Zhao Rugua, ofisa aliyesimamia biashara ya bahari katika bandari ya Quanzhou, aliandika mwaka 1225 kuhusu Mayi, ambayo kwa kawaida hutambuliwa kuwa Mindoro. Wachina walishusha vyombo vya kauri, vyungu vya chuma, risasi, shanga za kioo na sindano. Wenyeji walivichukua wakaenda kuviuza visiwa vingine, kisha wakarudi baada ya miezi minane au tisa na malipo: nta, pamba, lulu, magamba ya kasa, popoo na nguo. Mwenye mali alikuwa anamwachia mtu asiyemjua bidhaa zake kwa karibu mwaka mzima, katika bahari isiyo na mahakama. Biashara ya aina hiyo humsukuma mgeni kutafuta kitu kinachofunga zaidi ya ahadi, nacho mara nyingi ni ndoa, kiapo cha udugu au imani ya pamoja. Lakini humsukuma tu. Haimlazimishi, na wala haimlazimishi mwenyeji. Hapo ndipo dai la nchi nzima ya Kiislamu linapovunjika, na bandari tatu zinatosha kuonyesha hivyo.

Ya kwanza ni Cebu ya mwaka 1521. Antonio Pigafetta, aliyesafiri na Magellan, anamtaja mfanyabiashara Mwislamu kutoka Siam aliyekuwa hapo bandarini, ambaye alimtahadharisha mtawala Humabon kwamba wageni hao ni jamaa za walioiteka Calicut na Malaka. Kwa hiyo Waislamu walikuwa wanafika, walikuwa wanajulikana, na walikuwa karibu na mtawala kiasi cha kumnong'oneza ushauri. Hata hivyo Pigafetta huyohuyo anaeleza kwa kirefu tambiko la nguruwe lililoendeshwa na wanawake wazee wa Cebu, na siku chache kabla, katika kisiwa cha Limasawa, alikuwa amekula nyama ya nguruwe na mfalme wa huko siku ya Ijumaa Kuu. Wanaume wa visiwa hivyo walijichora miili kiasi kwamba Wahispania waliwaita Waliopakwa Rangi. Wafanyabiashara Waislamu walikuwapo, Uislamu wa wenyeji haukuwapo. Anayesema visiwa vyote vilikuwa vya Kiislamu inabidi kwanza amfute Pigafetta.

Ya pili ni Manila yenyewe, ambayo hadithi ya mitandaoni inapenda kuiita mji wa “fi amanillah”, yaani katika amani ya Mungu. Hakuna mtu wa wakati ule aliyeliandika jina hilo hivyo. Taarifa za kwanza za Wahispania zinasema Maynila, jina la muundo wa Kitagalogi, na sitapoteza wino zaidi hapo. Lenye uzito ni hili: Wahispania waliposhambulia mwaka 1570, kisha wakahamia kabisa mwaka 1571, walikuta watawala Waislamu kweli. Raja Sulayman na Raja Matanda walikuwa na undugu na nyumba ya kifalme ya Brunei, na huyo Matanda alipokuwa kijana alikamatwa na mabaki ya msafara wa Magellan karibu na Borneo akiwa katika utumishi wa Brunei. Lakini taarifa hizohizo za miaka ya 1570 zinaeleza kwamba Uislamu ulikuwa umegusa vijiji vya pwani, kwamba wengi waliujua kwa kuacha nguruwe na si zaidi, na kwamba ukiingia bara haukuwapo. Huo ni Uislamu wa kizazi kimoja au viwili, ulioletwa na shemeji na mjomba kutoka Brunei. Ni Uislamu halisi, nami siudharau hata kidogo, ila haukuwa wa kisiwa kizima cha Luzon, sembuse visiwa 7,000.

Ya tatu ni Sulu, na hapa mwenye swali angepaswa kuanzia, kwa maana Uislamu wa huko una mizizi mirefu kuliko anavyodhani. Jiwe la kaburi la Bud Dato, Jolo, limesomwa kuwa la mwaka 710 wa Hijria, yaani 1310, na aliyezikwa hapo huhesabiwa kuwa mgeni. Mapokeo yanamtaja Karim ul-Makhdum kufika mwaka 1380, na msikiti wa Simunul, Tawi-Tawi, unahusishwa naye. Lakini mwaka 1417, mtawala wa Sulu aliyekwenda kumwamkia mfalme Yongle wa China, akafia Dezhou akiwa njiani kurudi na kuzikwa hukohuko, alijulikana kwa cheo cha Kihindu, Paduka Batara. Usultani wenyewe unawekwa karibu na mwaka 1450. Kati ya kaburi la mgeni na kiti cha sultani imepita miaka 140 hivi, na katika muda wote huo Mhindu, Mchina na Mwislamu walikuwa wanapitia gati moja. Tena waliouleta hawakutoka Makka moja kwa moja. Walipitia Champa, Malaka, Johor, Palembang, Brunei na bandari za China kusini, ambako Waislamu walikuwa wameweka makazi tangu kale.

Nitaambiwa: mbona masultani wenyewe wanadai nasaba ya Kiarabu? Wanadai, na tarsila zao, yaani maandishi ya nasaba, zinastahili kusomwa hadi mwisho badala ya ukurasa wa kwanza. Zinasema Sayyid Abu Bakr alifika Sulu, akamwoa Paramisuli, binti wa Raja Baguinda, na utawala ukamjia kupitia ukwe. Sharif Kabungsuwan, aliyefika Mindanao mwanzoni mwa karne ya 16, anatajwa kuwa mtoto wa sharifu na mama wa ukoo wa Johor, naye pia alioa huko. Hakuna mahali zinaposimulia dola ya Kiarabu ikiweka liwali. Datu walibaki datu. Msomaji wa Lamu au Pate hahitaji kufundishwa jambo hili, maana masharifu wa Hadhramaut walifika kwao pia, wakaoa na kuheshimiwa. Msikiti wa kwanza uliofukuliwa Shanga, kisiwani Pate, wa karne ya 8, ulijengwa kwa miti ndani ya mji wa wenyeji. Pwani yetu ilivumilia miongo mingi ya vitabu vilivyosema kila jiwe lake liliwekwa na mgeni. Kuwavisha Wafilipino vazi hilohilo ni dhuluma, hata anayewavisha akidhani anawatukuza.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kama kamanda Mhispania Legazpi asingefika Cebu mwaka 1565, je, Uislamu usingeenea visiwa vyote? Huenda ungeenea. Ulikuwa unapanda kaskazini, na Wahispania waliliona hilo vizuri, ndiyo maana mwaka 1578 waliishambulia Brunei yenyewe. Ila kinachoweza kutokea si kilichotokea. Sensa ya mwaka 2020 inawaweka Waislamu kwenye asilimia 6.4 ya Wafilipino, wengi wao Mindanao na Sulu, na hao hawakuhitaji nchi nzima ya kubuni nyuma yao ili historia yao iwe kubwa. Walipigana na Hispania kwa zaidi ya miaka 300.

Basi ukikutana tena na madai haya, uliza bandari gani, mwaka gani, na nani aliandika akiwa wapi. Asiyeweza kutaja hata kimoja, mwache. Kwa kipimo hichohicho zikatae sheria za Kalantiaw, zinazodaiwa kuwa za datu wa mwaka 1433: ni ughushi uliotoka mikononi mwa José Marco, na mwanahistoria William Henry Scott alizivunja mwaka 1968. Kwa Uislamu anza na Cesar Adib Majul, kwa jamii ya karne ya 16 anza na Scott, na Pigafetta msome mwenyewe, ni mfupi. Ukifika Manila, bamba la Laguna liko Makumbusho ya Taifa. Dhahabu ya kale iliyopatikana Surigao iko Makumbusho ya Ayala. Mwenye nafasi ya kwenda Shandong, kaburi la mtawala wa Sulu bado lipo Dezhou, na baadhi ya wazao wake waliobaki huko kulilinda wamekuwa Waislamu wa China.