Saruji Haiokoi Mashua ya Udongo

"Nitie saruji kiasi gani ili mashua yangu isipasuke motoni?" Vijana wa Usagara, huku kwetu ziwani, wanaofinyanga mashua za tanga za mapambo wameniuliza hivyo mpaka nimechoka. Jibu ni moja: usitie hata kijiko.

Dawa hiyo hutoka kwa mafundi ujenzi, na kwenye msingi wa nyumba wako sahihi. Lakini saruji hukaza kwa kushika maji. Ndiyo maana zege humwagiliwa. Udongo wa mfinyanzi unataka kinyume chake: uyaachie maji yote, ya kufinyangia kwanza, kisha yale yaliyofungwa ndani ya chembe zake, yasiyotoka mpaka moto ufike nyuzi 450 hivi na zaidi. Moto huohuo unaoukomaza udongo huivunja saruji iliyokwisha kushikana, ukaacha chokaa isiyozimwa. Mashua inatoka nzima, mwenyewe anashangilia. Kisha chokaa inavuta unyevu wa hewa ya ziwani, inavimba, na mkuku unaanza kumenyuka sebuleni kwa mteja. Na yule anayesema "kidogo tu haidhuru" anieleze hicho kidogo kinasaidia nini.

Saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824. Sanamu za meli za udongo zilizofukuliwa Amathus, Saiprasi, zina zaidi ya miaka 2,500. Vyungu vya Urewe, vya ukanda huu wetu wa ziwa, vingine vimepita miaka 2,000. Nani aliwauzia wafinyanzi wale mfuko?

Kinachopasua mashua ni unene usiolingana. Tanga jembamba hukauka na kunywea mapema, mkuku mnene ungali mbichi. Vinavutana, ufa unatokea kwenye kiungo. Unyevu uliobaki tumboni hugeuka mvuke, ukalipua kilichobaki.

Basi: twangeni vigae, chekecheni, changanyeni sehemu moja kwa nne za udongo. Tumbo liwe wazi, kuta zilingane, unene wa kidole kidogo. Viungo vikwaruzwe, vipakwe uji wa udongo, vikiwa na ubichi mmoja. Kausheni kivulini, taratibu, chini ya nailoni. Pasheni kwa moshi kabla ya moto wa pumba. Tanga lisiwe la udongo: acheni tundu pana la mlingoti, maana litanywea, na baada ya kuchoma simikeni mlingoti wa mti na tanga la kitambaa. Anayeng'ang'ania saruji na aunde mashua ya saruji na mchanga, asiichome.